Wazee wa Handaki Huumwa Goti

Kambi ya Storevåg, Norwei
3 Novemba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima kiasi cha kushika kalamu, na natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na moto, umeshiba, na mbwa amelala juu ya viatu vyako. Kama kuna mtu huko Meenbeg anayeniulizia, mwambie Manus yupo, anachimba.

Baba, kwa nini hupokei simu? Jumapili iliyopita ililia mpaka nikaona aibu mbele ya foleni. Jumapili ya kabla yake uliipokea, ukasema, "Mzima, mzima, haya weka chini," ukakata. Francie Doogan, yule wa ng'ambo ya mto tunayelala naye chumba kimoja, alinicheka: "Hata baba yako kakukimbia."

Kazi ni ileile. Sasa tumeingia chini ya bahari na mwamba unatokwa maji kama pua ya mtoto. Tukilipua baruti tunatakiwa kungoja moshi utoke, lakini nyapara hana subira, na sisi hatutaki kuonekana tunaogopa moshi. Tunaingia.

Wiki hii daktari wa kampuni alikuja na kitu kipya. Tulizoea kupuliza kile kimashine chake cha kupimia pumzi tu. Safari hii alileta karatasi ya maswali, kila mtu yake. Je, hukohoa asubuhi? Je, hutoa makohozi? Je, husimama njiani ukipanda mlima? Francie aliisoma kwa sauti kwenye chumba cha chakula kama padri. "'Je, hukosa pumzi unapovaa nguo?' Inategemea nani ananitazama!" Watu walicheka wakamwaga kahawa.

Wote tuliandika hapana, toka juu mpaka chini. Unajua mwenyewe kwa nini. Anayeandika ndiyo hupelekwa hospitali ya mjini, na akirudi hupewa kazi ya kuosha mashine nje. Na jina lake linamtangulia kwenda kwenye handaki linalofuata, hakuna genge litakalomchukua. Mimi pia niliandika hapana. Nakwambia wewe kwa sababu sijawahi kukuficha jambo: asubuhi nakohoa. Nakwenda nyuma ya nyumba ya majiko ili nisisikike.

Lakini lile swali la kuvaa nguo halikunichekesha kwa muda mrefu. Nilikuona wewe, mwezi wa nane nilipokuwa nyumbani. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna, nyingine iko mkononi. Nikakuuliza unatafuta nini. Ukasema, "Namkumbuka mama yako." Nikaondoka nikakufungia mlango, nikidhani ni kweli.

Kama simu huitaki, nijibu kwa barua. Ila nijibu.

Mwanao,
Manus


Meenbeg, Donegal
17 Novemba 1996

Mwanangu Manus,

Marahaba. Barua yako imefika na alama ya buti juu yake, sijui ni buti la tarishi au la Mnorwei. Mimi sijambo kabisa. Mbwa hajambo, ila amenenepa. Mvua nayo haijambo, inaendelea na kazi yake.

Kuhusu simu, usijisumbue. Upepo umeharibu waya, inapiga kelele tu. Barua ni bora. Barua mtu anaweza kuiweka chini akaenda kukoroga uji kisha akarudi.

Umenichekesha na karatasi yenu, maana hata mimi nimepewa! Nuala, binti wa Packie Boyce, sasa ni nesi wa vifua. Kila Jumatano anakaa kwenye ukumbi pembeni ya kanisa na kuwapima wazee wote waliowahi kuchimba. Unamkumbuka Packie, niliyefanya naye kazi kwenye mahandaki ya Scotland, na ambaye mpaka leo anadai alikuwa ananishinda kwa koleo. Nilikwenda kwa sababu yeye alikwenda.

Kwanza Nuala alinipulizisha mashine. Akaangalia namba, akaiangalia tena, kisha akanipa karatasi. Nikamuuliza karatasi ya nini tena wakati mashine imeshasema. Akanijibu, "Baba Manus, mashine inapima upepo. Karatasi inapima siku yako."

"Siku yangu ni nzuri," nikamwambia. "Iandikie alama."

Basi nikaketi na kalamu. Packie alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anachungulia kama mtoto kwenye mtihani. Je, ngazi hukukosesha pumzi? Hapana. Na ni kweli, maana tangu mwezi wa tisa nimeshusha kitanda jikoni, sipandi ngazi. Je, kubeba mizigo kunakuchosha? Hapana. Mabonge ya udongo mkavu wa kinamasi, yale ya kuwasha moto badala ya kuni, huletwa na jirani mpaka mlangoni. Je, kifua hukuamsha usingizini ukiwa umelala? Hapana, kwa sababu nalala nimekaa, kwenye kiti cha mama yako, na nalala vizuri sana. Je, unashindwa kutembea mwendo wa watu wa rika lako? Hapana. Sitembei na mtu.

Sikudanganya hata neno moja, Manus. Nuala alipojumlisha aliona, kwa karatasi hiyo, mimi ndiye mzima kuliko wote parokiani.

Packie akasema, "Condy, bwana, unajibu maswali au unagombea ubunge?"

Nikamwambia, "Zako umejibuje?"

"Hapana zote. Mimi mzima kama farasi."

"Farasi yupi, yule aliyekufa?"

Tulitoka pale tumetoshana nguvu, kila mmoja na fimbo yake.

Kula vizuri. Vaa kitu puani wakilipua.

Baba yako,
Condy


Storevåg
1 Desemba 1996

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kitandani, nikaisoma tena kwenye gari la zamu, na kila nikiisoma naogopa zaidi. Leo sitaandika mambo ya mvua.

Unasema hukudanganya. Nakubali. Umeniambia ukweli mtupu, na ndani ya ukweli huo nimekuona mwanamume asiyeweza kupanda ngazi za nyumba yake, asiyeweza kulala chali, asiyeweza kubeba kapu la kuwashia moto. Halafu Nuala amejumlisha na kukuta mzima! Karatasi imekuuliza kama ngazi zinakuchosha. Haikukuuliza kama ngazi umeziacha. Baba, umeipunguza nyumba mpaka imebaki jikoni, kisha ukajisifu kwamba unaizunguka yote bila kuchoka.

Na simu. Nimeelewa simu. Upepo haujaharibu waya wowote. Hutaki nikusikie.

Nakuomba jambo moja. Rudi kwa Nuala Jumatano, umwambie akuandikie mambo yote uliyokuwa ukifanya miaka miwili iliyopita na sasa hufanyi. Basi. Usipokwenda nitamwandikia mwenyewe. Anwani ya ukumbi wa kanisa naijua.

Sijui kusema kwa maneno mazuri. Shule niliikimbia na wewe ndiye uliyenifungulia mlango. Ila huku, wakati mashine ya kutoboa inanguruma na siwezi kumsikia mtu aliye karibu yangu, najikuta nahesabu pumzi zangu, nawaza zako ziko ngapi.

Manus wako


Meenbeg
12 Desemba 1996

Manus,

Ukimwandikia binti Packie, mimi sitakuandikia tena. Nimesema.

Wewe hujui huku kulivyo, umeondoka mdogo. Nikimwambia Nuala, nimemwambia Packie. Najua ameapa kutunza siri za wagonjwa, ni binti mzuri. Lakini siku atakapoleta mtungi wa hewa kwenye gari lake, gari litapita wapi? Chini ya dirisha la baba yake.

Nikwambie kitu ambacho labda hukukigundua. Wazee wote waliorudi kutoka mahandakini, hapa kwetu, wanaumwa goti. Packie goti. Hughie wa kinu, Mungu amrehemu, goti. Mimi goti. Kanisani sisi hukaa benchi la nyuma, na wakati wa komunyo padri anatuletea palepale, na watu wanatupisha kwa huruma: "Pole na goti, mzee." Tukisimama njiani tunasimama kwa ajili ya goti. Tuna fimbo kwa ajili ya goti. Daktari wa zamani alinipa dawa ya kuchua, nikajichua nayo, nikamshukuru.

Ni kwa sababu goti halijawahi kuua mtu. Aliyekuwa akisema "kifua," Pasaka iliyofuata haikumkuta. Baba yangu alisema kifua. Ukishalitamka, watu wanaanza kukuangalia kwa urefu, kama seremala anayepima mbao. Wanapunguza sauti ukiingia. Mimi sitaki mtu apunguze sauti nikiingia.

Na usinihubirie. Nani aliyeandika hapana toka juu mpaka chini? Nani anayekohoa nyuma ya nyumba ya majiko? Mimi nilikohoa nyuma ya ghala la baruti, Scotland, nikiwa na umri wako. Ukutani kulikuwa na alama ya mkono wangu pale nilipokuwa nashikilia.

Njoo Krismasi, tuonane. Tutagombana uso kwa uso, itakuwa rahisi zaidi.

Baba yako


Meenbeg
19 Januari 1997

Mwanangu mpendwa,

Uko salama? Krismasi hukuja. Mama yake Francie alisema maji yameingia handakini na mmezuiwa likizo. Nikasema sawa. Lakini barua pia haikuja. Mwaka mpya umepita, wiki ya pili imepita, na tarishi ananipungia mkono tu bila kusimama. Jana nilimwita, nikamwambia aangalie tena kwenye mfuko wake. Akauangalia, maskini, mbele yangu, mpaka chini.

Kama umenikasirikia kwa ile barua yangu ya mwisho, kasirika, ila andika. Hata neno moja.

Juzi watu walisema redioni imetajwa habari ya moto kwenye handaki, upande wa huko Norwei. Hakuna aliyesikia jina la mahali. Hughie mdogo, mtoto wa yule marehemu wa kinu, alisema Sweden, mwenye duka akasema Norwei. Nilirudi nyumbani na mkate nikausahau dukani.

Nikapiga simu. Mimi, Condy, nilipiga. Namba yako ya kambi iko ukutani pale mama yako alipokuwa anaandika mambo. Nilizungusha namba, nikakosea, nikazungusha tena, na ikalia, na mwanamume akapokea. Alisema, "Halo? Halo?" Manus, nilikuwa na jina lako tayari mdomoni. Lilikuwa pale. Sikuwa na upepo wa kulisukuma litoke. Kule kusimama na kuzungusha namba kulikuwa kumeumaliza wote. Akasema kitu kwa lugha yao, akangoja, nikamsikia anangoja, nami namsikilizisha kifua changu tu kama mlango mbovu. Akaweka chini.

Niliketi sakafuni pale chini ya simu. Nilidhani mwanangu amekufa na mimi siwezi hata kuuliza.

Niandikie.

Baba


Storevåg
2 Februari 1997

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe sana. Niko hai. Ile simu waliniambia. Kijana wa jikoni alisema mtu alipiga akawa anapumua tu, wakadhani ni mlevi. Nilijua papo hapo ni nani. Nikaenda kukaa chooni.

Ni kweli, moto ulikuwa wetu. Mashine ya kubeba mawe iliwaka injini ndani kabisa, karibu na mwisho wa handaki. Hakuna aliyekufa. Lakini moshi ulikuja, na ilibidi wote tupande mteremko kwa miguu kutoka chini ya bahari mpaka mdomo wa handaki. Unajua mteremko wa namna ile. Francie alikuwa mbele yangu. Tulianza pamoja, kisha nikaona mgongo wake, kisha nikaona taa yake tu, kisha sikuiona.

Nilisimama, Baba. Wenzangu walinipita mmoja mmoja. Miguu ilikuwa na nguvu, ningeweza kukimbia kwa miguu ile. Hewa ndiyo haikuingia. Kila nikiivuta inafika hapa kooni inageuka. Niliegemea mwamba, na wazo lililonijia halikuwa la Mungu wala la moto. Niliwaza: kumbe hivi ndivyo anavyojisikia Baba akivaa soksi.

Mnorwei mmoja mzee, Oddvar, alirudi akanishika mkanda akanikokota kama gunia. Njia nzima alikuwa ananitukana kwa lugha yake. Nampenda mpaka leo.

Nililazwa hospitali ya mjini. Kabla ya moto sikuandika kwa hasira ya barua yako; baada yake, kwa sababu hii. Ningekwambia nini? Nilipotoka, daktari wa kampuni akaniita. Ni mwanamke mpole, anaongea taratibu ili nimwelewe. Akanipulizisha mashine, akanipa karatasi ileile ya maswali. Na mimi, Baba, mtu aliyekokotwa kutoka handakini kama gunia, nikaandika hapana. Zote. Mkono uliandika wenyewe.

Akaiangalia karatasi, akaangalia namba za mashine. Akaniuliza, "Manus, karatasi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Hapana. Hii ni ya mtu mwingine. Huyu simjui. Ningependa kumjua huyu aliyekaa hapa."

Akanipa nyingine tupu, akasema niende nayo, niirudishe nikiwa tayari, na mpaka wakati huo siingii ndani. Nafagia bohari. Francie ananiambia, "Andika hapana, ng'ang'ana, watachoka watakurudisha. Ukisema ndiyo umekwisha, wewe na wote tuliokohoa pamoja nawe. Watatupima upya kambi nzima."

Karatasi iko chini ya godoro. Nikiandika ndiyo, mimi si mchimbaji tena. Sijui kazi nyingine. Nina umri wa miaka thelathini na mbili na kusoma kwangu ni huku unakokuona. Nikiandika hapana, nitarudi kwenye moshi.

Niambie nifanye nini. Ninaogopa kote kuwili.

Mwanao,
Manus


Meenbeg
16 Februari 1997

Mwanangu Manus,

Marahaba, marahaba, na asante kwa kuwa hai. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, halafu nikailaza kifuani kwa muda.

Kukwambia la kufanya nimejaribu. Nilianza barua mara kadhaa, "Andika ndiyo, mwanangu." Kila nikiisoma naona mzee mwenye fimbo ya uongo anamwamuru kijana aseme kweli. Nikazitupa motoni.

Basi Jumatano nilikwenda ukumbini. Jirani alinipeleka kwa gari, akaniteremsha mlangoni kabisa. Packie alikuwepo, bila shaka, na kofia yake. Nikasema mbele yake, kwa sababu nilijua nikingoja aondoke nitaondoka mimi:

"Nuala, ile karatasi niliijibu vibaya. Nipe nyingine."

Packie akasema, "Vipi, unataka ushindi mkubwa zaidi?"

Nikaketi. Kalamu ilinishinda, kwa hiyo Nuala akasoma na mimi nikasema. Nakuandikia hapa nilichosema, ili usiseme nilikuficha.

Nilisema silali kitandani tangu mavuno kwa sababu nikilala chali nazama. Nilisema soksi huniketisha chini kwa muda wa kuchemsha chai, na siku nyingine navaa moja nikaacha nyingine, ndiyo maana navaa buti hata ndani. Nilisema nimeacha kunyoa kila siku kwa sababu kuinua mkono kunaniibia hewa. Nilisema nimeacha kwenda kaburini kwa mama yako, pale kuna kilima, na sijamwambia mtu, na maua ya kopo niliyoyaacha mwezi wa sita mpaka sasa yatakuwa yameoza. Nilisema sipokei simu ya mwanangu. Nilisema nakula kidogo kwa kuwa nikishiba tumbo linabana kifua. Kuimba kanisani nafungua mdomo tu.

Kisha kuna swali, kama mtu huogopa anapokosa pumzi. Mara ya kwanza niliandika hapana. Safari hii Nuala alilisoma, nikatazama buti zangu. Akalisoma tena, sauti ya chini. Nikamwambia: binti, mimi naogopa hata ninapokuwa nayo. Naogopa asubuhi kabla sijasimama. Naogopa kucheka, maana kicheko kinaishia kwenye kikohozi na kikohozi sijui kinaishia wapi. Nimeogopa hivi miaka miwili na nimeita jambo hilo goti.

Nilijua Packie yuko nyuma yangu na sikugeuka. Nilingoja neno lake, la kunicheka ama la kunihurumia, na sijui lipi lingenichoma zaidi. Nikasikia kiti chake kinasogea.

"Nuala," akasema, "nipe na mimi nyingine."

Nuala alimgeukia. Huyo ni nesi wa vifua, Manus, anaishi naye nyumba moja. Alimwangalia baba yake kama mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza. Akasema, "Na wewe, Baba?" Packie akatazama fimbo yake. "Goti," akasema, "si goti." Binti wa watu akatoka nje, akalia, akarudi, akatugombeza wote wawili mpaka basi. "Nyie wazee! Nyie wazee mtaniua! Nimekaa hapa miezi nawaandikia wakubwa kwamba Meenbeg ni wazima!"

Kisha akapiga simu hospitali kubwa. Natakiwa kwenda wiki ijayo, wanipime hewa iliyo kwenye damu. Ameniambia wazi, hakunizungusha: yaliyoharibika hayarudi. Hewa ya mtungi itanisaidia, na mazoezi, na dawa ya kuvuta kwa mdomo. Angeniona hivi mwaka juzi, alisema, ningekuwa bado napanda ngazi zangu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafunga koti langu vifungo.

Hilo ndilo ninalokuandikia. Mwaka juzi. Wewe leo uko kwenye mwaka wangu wa juzi, na hata nyuma yake.

Unaniuliza ukiacha kuchimba utakuwa nani. Sijui, mwanangu. Mimi nimekuwa mchimbaji maisha yangu yote, na sasa ni mtu anayeketi jikoni akivizia hewa. Siwezi kukuahidi kitu kizuri. Naweza kukwambia tu upande huu kulivyo.

Nimejibu yangu. Jibu yako.

Baba yako,
Condy


Storevåg
2 Machi 1997

Baba,

Shikamoo. Umeshakwenda hospitali? Wamekwambiaje? Naandika haraka ili barua iwahi meli.

Barua yako niliisoma bohari, nimeegemea ufagio. Nilipomaliza nilikwenda chumbani nikatoa karatasi chini ya godoro. Francie alikuwa kitandani kwake, buti miguuni. Akaniona na kalamu.

"Usifanye hivyo," akasema.

"Nakohoa, Francie."

"Wote tunakohoa."

"Ndiyo ninachokiandika."

Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na amehamia chumba kingine. Kwenye meza ya chakula wananipisha nafasi kubwa. Mmoja alinitemea mate karibu na kiatu. Siwalaumu. Wiki hii kambi nzima inapimwa upya, na wanne wametolewa ndani, mmojawapo ana watoto watano. Nimefanya hilo mimi. Nalala nalo.

Niliandika ndiyo, Baba. Siyo zote, sikutaka kuongeza chumvi. Kukohoa asubuhi, ndiyo. Makohozi, ndiyo. Kusimama mlimani, ndiyo. Soksi bado, hapana. Palipoulizwa kuhusu kuogopa niliandika ndiyo, kisha nikaikoleza kalamu, karatasi ikatoboka. Daktari akaniuliza kuanzia lini. Nikamweleza yote, na la nyumba ya majiko.

Picha ya mapafu inaonyesha makovu. Anasema bado ni machache, na kwamba nikitoka kwenye vumbi na moshi sasa hivi huenda yakaishia hapo. Huenda. Nilimwomba aondoe neno hilo, akasema hawezi.

Natoka hapa Jumamosi ya tarehe nane. Nakuja nyumbani. Sina kazi, sina genge, na sijui nitafanya nini Donegal zaidi ya kukubebea mabonge ya moto. Naogopa kufika na kukuta hukuweza kunisubiri. Nisubiri.

Manus wako


Wodi ya wanaume, hospitali
4 Machi 1997

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Nuala ndiye ananishikia ubao wa kuandikia, lakini mkono ni wangu, usidhani nimekufa wakaniandikia.

Barua yako ya mwisho niliyo nayo ni ile ya Februari, ya karatasi chini ya godoro. Nyingine haijafika. Kila siku Nuala anapita posta kabla ya kuja huku, nami namwangalia mikono anapoingia.

Nilikuja kupimwa tu, wakanilaza, wakanitia bomba la hewa puani. Linakausha pua na linanuka plastiki, na tangu waliweke nimelala chali usiku mzima kwa mara ya kwanza toka mavuno. Niliamka nikalia, mwenzangu wa kitanda cha pili akadhani nina habari mbaya. Daktari alikuja asubuhi. Nilimuuliza moja kwa moja nimebakiwa na muda gani. Alisema hawezi kusema. Majira haya ya baridi ndiyo mabaya, tukiyavuka ataniambia zaidi. Basi tunayavuka. Leo theluji imeanguka tena.

Packie wamemlaza ghorofa ya chini. Anatuma salamu na matusi.

Manus, kitu kimoja tu ndicho kinachonikosesha usingizi sasa, na si kifua. Nakaa hapa na hewa ya bure puani, nawaza wewe umerudi ndani, kwenye moshi, na karatasi yako imejaa hapana. Kila mtu akikohoa wodini nageuka nikidhani ni wewe.

Kama uliandika ndiyo, njoo. Kama uliandika hapana, njoo hivyo hivyo.

Baba yako,
Condy